Anatuma mia, kisha ishirini: makato yanavyobadili malipo ya simu

SWALI: Nauza mboga na matunda kwenye kibanda Kisauni, Mombasa. Wateja wangu karibu wote wana M-Pesa, nami napokea kwa nambari yangu ya kawaida. Lakini tabia zao zinanichosha. Wa mboga za shilingi 120 ananitumia 100 kisha 20. Wa 1,050 naye anatuma mara mbili. Wengine hesabu ikishapita mia wanaweka simu mfukoni na kuniambia, "Niandikie, kesho nakuletea mkononi." Mume wangu asema ni ubahili tu, mtu mwenye simu ya elfu ishirini hawezi kushindwa na shilingi saba. Je, makato madogo hivi kweli yanaweza kumfanya mtu akatae kulipa kwa simu? Nikichukua nambari ya tili, ile ya kupokea malipo ya biashara, nitakula hasara? Na vipi nikiongeza shilingi kumi kwa anayelipa kwa simu?

JIBU: Mama, mpe mumeo salamu zangu, lakini katika hili wateja wako wana hoja.

Tumchukue huyo wa 120. Tangu Januari 2021, kumtumia mtu pesa kwa simu hapa Kenya ni bure mpaka shilingi 100. Ikiingia 101 tu, M-Pesa inakata shilingi 7, na hizo 7 ni zilezile mpaka 500. Kwa hiyo akikutumia 120 kwa mkupuo mmoja, amelipa karibu asilimia 6 juu ya bei yako. Akituma 100, halafu 20, halipi hata senti. Kazi ya ziada ni kubonyeza nambari ya siri mara ya pili, basi. Wewe mwenyewe ukienda dukani ukaambiwa sukari ni 120 ukilipia mlango wa mbele na 127 ukilipia mlango wa nyuma, utapitia wapi?

Wa 1,050 naye amefanya hesabu safi. Kutuma 1,050 mara moja ni shilingi 23. Akigawanya 1,000 na 50, analipa 13 kwa ile ya kwanza na ya pili ni bure. Ameokoa kumi. Na ujanja huu haukomei hapo: 2,000 kwa mkupuo ni 33, lakini elfu moja mara mbili ni 26. 3,000 kwa mkupuo ni 53, elfu moja mara tatu ni 39. (Natumia viwango vilivyoanza Julai 2023, baada ya ushuru wa bidhaa kwenye ada hizi kupandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15.) Jedwali lenyewe limepangwa kwa ngazi, na kila penye ngazi watu hujifunza kusimama chini yake kidogo. Ukichunguza simu yako utaona kiasi cha 100, 500 na 1,000 kinajirudia kupita kawaida, na 101 karibu hakipo.

Sasa hoja ya mumeo kuhusu simu ya elfu ishirini. Mtu halinganishi makato na mali yake yote. Anayalinganisha na kile anachonunua wakati huo, na pia na njia nyingine iliyo mbele yake, yaani noti iliyo mfukoni. Noti inaonekana haina gharama. Kwa kweli inayo: kuna chenji inayokosekana, kuna nauli ya kwenda kwa wakala au benki, kuna noti bandia, kuna vijana wa pikipiki wanaopora mikoba. Ila hakuna anayekuandikia risiti ya gharama hizo. Simu inakuandikia. Kila ukituma, ujumbe unakuja na mstari wa gharama ya muamala, 7 au 13 au 57, umekaa pale unakutazama. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza watoa huduma wamwonyeshe mteja gharama kabla hajathibitisha malipo. Naliunga mkono agizo lile moja kwa moja. Lakini matokeo yake ni kwamba pambano la noti na simu haliko sawa, kwa sababu gharama ya mmoja imeandikwa na ya mwenzake imejificha.

Ushahidi mkubwa kwamba makato yanaongoza mwendo wa watu tuliupata hapa hapa nyumbani. Machi 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu ilikubaliana na kampuni za simu, na Safaricom, wenye M-Pesa, ikaondoa ada ya kumtumia mtu pesa hadi shilingi 1,000. Unafuu ule ulidumu mpaka mwisho wa mwaka. Kati ya Februari na Oktoba 2020, idadi ya malipo ya mtu kwa mtu ilikaribia kuwa maradufu, na malipo madogo ya chini ya 1,000 yalizidi maradufu. Sitaki kukudanganya kwamba yote yalikuwa ya makato: watu waliogopa noti, masoko yalifungwa mapema, jamaa walisaidiana kwa mbali. Hata hivyo tazama ongezeko lilikaa wapi. Lilikaa palepale ada ilipoondolewa, kwenye pesa ndogo za mboga, nauli na mkate. Hofu ya kirusi haichagui malipo madogo na kuyaacha makubwa.

Nikuulize: wakati ule, wateja wako walikuwa wanakutumia 100 na 20? Nadhani walikuwa wanatuma 120 na kwenda zao.

Upande wa pili wa jambo hili uliwakuta majirani zetu. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo za miamala, juu ya ada za kampuni zilizokuwepo tayari. Kiwango kilianzia shilingi 10 za Tanzania mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi, na ilikatwa kwenye kutuma na kwenye kutoa pia. Pesa ileile ikawa inaguswa mara mbili kabla haijafika mkononi mwa mama kijijini. Kelele zilikuwa kubwa, na ndani ya siku chache Rais Samia aliagiza suala litazamwe upya. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena na baadhi ya miamala ikaondolewa kabisa, na katika bajeti ya 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Serikali hairudi nyuma mara tatu kwa sababu ya manung'uniko ya mitandaoni peke yake. Nadhani ilirudi nyuma pia kwa sababu watu wengi walipunguza kutuma: wakampa dereva wa basi bahasha, wakasubiri mtu anayesafiri, wakatunza taslimu ndani. Tozo iliyowekwa juu ya miamala hula miamala yenyewe, na mwisho mkusanyaji anakuta kikapu kimepungua.

Uganda walikuwa wametangulia. Julai 2018 waliweka asilimia 1 kwa kila muamala wa pesa za simu, hata kuweka pesa yako mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha wakashuka hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu. Kilichonivutia mimi katika kisa cha Uganda ni kwamba benki hazikuguswa na kodi hiyo. Mwenye pesa kubwa na akaunti ya benki alikuwa na mlango wa kupitia, akahamia kwa wakala wa benki. Asiye na akaunti alibaki pale pale akakatwa. Ghana nao walianza Mei 2022 kwa asilimia 1.5, wakasamehe cedi 100 za kwanza kwa siku, wakashuka hadi asilimia 1 Januari 2023, na 2025 wakaifuta. Ukiona nchi tatu zinaanza kwa kishindo na kumalizia kwa kunong'ona, ujue mtumiaji wa kawaida ana nguvu kuliko anavyodhaniwa, na silaha yake ni hiyohiyo ya mteja wako: kuweka simu mfukoni.

Wakati mwingine hata ada haihitajiki, uvumi unatosha. Brazil wana mfumo wa malipo ya papo hapo unaoitwa Pix, uliozinduliwa na benki kuu yao Novemba 2020, na kwa kanuni mtu binafsi hatozwi kutuma. Umeenea mpaka kwa wauza nazi za ufukweni. Januari 2025 mamlaka ya kodi ya huko ilitoa kanuni ya kuzitaka taasisi za fedha ziripoti jumla ya miamala ya mteja inayopita kiasi fulani kwa mwezi. Haikuwa kodi. Lakini habari ikasambaa kwamba Pix itatozwa, matumizi yakashuka, na katikati ya mwezi serikali ikaifuta kanuni yenyewe. Kitu kilichozoeleka kuwa bure kina hali yake ya pekee: kukitoa kwenye sifuri kwenda moja kunauma kuliko kutoka saba kwenda tisa.

Nisije nikakufanya uamini kwamba watu hukimbia kila ada. Hawakimbii. Mtoto akiwa hospitali ya Coast General na wanataka malipo sasa hivi, hakuna anayegawanya pesa vipande vipande ili kuokoa kumi. Karo ya shule siku ya mwisho, mtu hutuma tu. Na tazama Fuliza: ni mkopo wenye ada yake, ghali ukiupima kwa siku, na bado mamilioni wanautumia, maana unawakuta katika shida. Makato yanabana zaidi pale malipo yalipo madogo, yanayorudiwa kila siku, na yenye njia mbadala. Yaani kibandani kwako kabisa. Mchicha haumlazimishi mtu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza lakini linaeleza kwa nini wateja wako wanapenda kushika taslimu, nalo ni bei ya kutoka. Kuweka pesa kwa wakala ni bure. Kuitoa ndiyo kazi. Chukulia unamtumia mama yako kule Ganze shilingi 500, na kama mtoto mwema unatuma "na ya kutolea". Kutoa 500 ni shilingi 29, kwa hiyo unatuma 529. Lakini 529 imeshavuka ngazi ya 500, ada ya kutuma si 7 tena, ni 13. Jumla umelipa 42 ili mama ashike 500. Hiyo ni asilimia 8.4. Sasa mtu mwingine anamtumia mwenzake 50,000 na ya kutolea: ya kutolea ni 278, kutuma 50,278 ni 108, jumla 386. Hata asilimia 0.8 haifiki. Mwenye pesa kidogo analipa mara kumi zaidi kwa kila shilingi. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema ada ni "ndogo sana", huwa nauliza ndogo kwa nani.

Na ada hii ya kutoa inazaa tabia yake. Mshahara wa kibarua ukiingia kwenye simu, akitoa 300 leo analipa 29, akitoa 300 nyingine kesho analipa 29 tena. Kutoa 2,500 kwa mkupuo ni 29 ileile. Basi anatoa yote siku ya kwanza. Akishaitoa, pesa imeshakuwa noti, na ameshailipia. Kesho ukimwambia akulipe kwa simu ni kama unamwambia airudishe kwa wakala na kuanza upya. Kwa hiyo yule anayekuambia "nakuletea mkononi" huenda si mkaidi: pesa zake za wiki zimelala nyumbani chini ya godoro, na kwenye simu kuna shilingi arobaini.

Sasa tuje kwenye kibanda chako, maana ndicho ulichouliza.

Kwa sasa unapokea kwa nambari yako binafsi, na anayelipa ada ni mteja. Ukihamia Pochi la Biashara, ile akaunti ya M-Pesa ya wauzaji wadogo, pesa za biashara zitatengana na zako, jambo zuri, lakini mteja bado anakatwa kama anayemtumia mtu wa kawaida. Mchezo wa mia na ishirini hautaisha. Nambari ya tili ya Lipa na M-Pesa ndiyo inayogeuza meza: mteja halipi kitu, unayekatwa ni wewe mwuzaji, asilimia 0.55, na malipo ya hadi shilingi 200 hayakatwi kabisa.

Piga hesabu za kibanda chako. Mteja wa 120: yeye hakatwi, wewe hukatwi. Wa 300: kwa nambari yako yeye angelipa 7, kwa tili wewe unakatwa shilingi moja na senti 65. Wa 1,050: kwa nambari yako angelipa 23, au 13 akigawanya, kwa tili wewe unakatwa kama shilingi 5 na senti 78. Tuseme kwa mwezi unapokea 60,000 kwa simu na hakuna hata malipo moja yaliyo chini ya 200, jambo ambalo kwa mboga haliwezekani. Hata hapo utakatwa 330 kwa mwezi mzima. Wateja wawili wa mkopo wakisahau kurudi, zimekwisha. Na wale wa "niandikie" ndio unaowagharamia sana bila kuwahesabu, maana daftari la madeni halina mstari wa makato.

Hasara inaweza kukupata mahali pengine, kwa hiyo fungua macho hapo. Pesa ikishaingia kwenye tili, kuitoa au kuihamishia kwenye simu yako kuna ada. Ukijenga mazoea ya kuhamisha kila jioni, utaila faida yote mwenyewe. Kabla hujajisajili, mwambie wakala akuonyeshe jedwali la kutoa kutoka kwenye tili, ulisome mstari kwa mstari, usikubali aliseme kwa mdomo. Halafu punguza safari za kutoa. Pale Kongowea unaponunua kwa jumla, muuzaji wako wa viazi na vitunguu uwezekano mkubwa ana tili yake: mlipe kutoka tili kwenda tili, pesa isipite kwenye noti. Kila unapoikwepa noti, umeikwepa ada ya kutoa. Leo ukitoa 10,000 kutoka kwenye simu yako kwa wakala ili uende sokoni, unakatwa 115, ambayo ni asilimia 1.15, mara mbili ya ile ya tili inayokutisha.

Utaniuliza, kwa nini wenzangu wengi hawaitaki tili? Sababu ninazozisikia ni mbili. Wengine wanaogopa kwamba mauzo yataonekana na Mamlaka ya Mapato. Hiyo ni mada ya siku nyingine, ila jua kwamba nambari yako binafsi nayo ina kumbukumbu zake, haiko gizani. Wengine hawataki tu kuona makato yakiwaangukia wao, hata kama ni madogo kuliko yale yanayomwangukia mteja. Nawaelewa. Kule India waliliona hilo mapema: kwenye mfumo wao wa malipo ya simu uitwao UPI, tangu Januari 2020 sheria ilifuta ada kwa mwuzaji, na serikali ikawa inatenga fedha za kuzifidia benki. Maduka mpaka ya chai yakabandika karatasi ya kuskani. Gharama haikuyeyuka, ilihamia kwenye bajeti, na benki zao bado zinalalamika kwamba fidia haitoshi. Sisi hapa hatuna mpango kama huo, kwa hiyo kati yako na mteja lazima mmoja abebe. Ninapendekeza ubebe wewe, kwa sababu mzigo ukiwa kwako ni senti 55 kwa kila mia, na ukiwa kwa mteja wa 120 ni karibu shilingi sita kwa kila mia.

Swali lako la mwisho, la kuongeza shilingi kumi kwa anayelipa kwa simu. Usifanye. Hiyo kumi mteja ataiona palepale, na kwa mboga za 120 umeshamtoza zaidi ya ile 7 aliyokuwa anaikimbia. Ukiona lazima urudishe makato yako, iweke ndani ya bei ya wote: fungu la 48 liwe 50, la 95 liwe 100, aliye na noti na aliye na simu walipe sawa, na asilimia yako 0.55 itakuwa imeshalipwa na nyingine imebaki. Na bandika nambari ya tili kwa maandishi makubwa upande anaosimama mteja, pamoja na maneno "Hukatwi", kwa sababu wengi bado wanadhani tili inakata kama kutuma kwa mtu, na wataendelea kukutumia mia kisha ishirini kwenye nambari yako ya zamani mpaka uwaambie.